Neema, hiyo njano si uchafu

Mwanjelwa, Mbeya
Julai

Shoga yangu Neema,

Kamwene! Huku baridi imetukamata hadi wauza mitumba wa masweta wanaturingia. Nyinyi wa Makambako, na upepo wenu ule, sijui mnaishije.

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya lile jiwe la njano, ambalo dalali anamuuzia mdogo wako kuwa ni almasi ya pete ya uchumba, nimeiona. Nianze na la hela: mdogo wako asitoe hata shilingi kwanza. Hilo nitalirudia. Sasa hili jingine, kwamba kuna mtu amewaambia almasi halisi ni nyeupe tu na ya njano ni chafu. Huyo anawapotosha, na bahati nzuri wewe muuza pembejeo utanielewa upesi.

Njano hiyo inaletwa na naitrojeni, hii hii iliyomo kwenye mifuko ya urea hapo dukani kwako. Mahindi yakiikosa, majani yanageuka njano. Almasi ni kinyume: ikiipata ndipo inakuwa njano. Almasi inajijenga kwa kaboni huko chini sana, kilomita 150 na zaidi, kwenye joto na mgandamizo mkubwa. Wakati inakua, atomu za naitrojeni zinajipenyeza na kukaa mahali pa kaboni. Wala hazihitajiki nyingi. Zikikaa moja moja, mia moja tu ndani ya kila milioni ya kaboni zinatosha kuikoleza rangi kabisa. Zinameza mwanga wa bluu, na ule unaobaki ukitufikia machoni tunauona wa njano.

Ila naitrojeni haitulii. Jiwe likikaa kwenye joto la huko chini mamilioni ya miaka, zile atomu zinasogea, zinakutana na kushikana. Zikishikana mbili mbili au nne nne, hazileti tena rangi ya kuonekana. Zikiwa tatu zimezunguka nafasi tupu, zinaacha njano hafifu, na mawe mengi ya manjano ndiyo haya. Yale ambayo atomu zake zimebaki moja moja mpaka leo ni machache mno, na njano yake ni kali.

Hapo ndipo bei inapochekesha. Wapimaji wanapanga almasi kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z. Kadiri njano hafifu inavyoongezeka, bei inashuka. Lakini njano ikikolea na kuipita Z, jiwe linahamia kundi la almasi za rangi na bei inaanza kupanda tena. Kwa hiyo aliyewaambia chafu amesikia nusu ya habari. (Almasi ya bluu rangi yake inaletwa na elementi ya boroni, ya kijani inaletwa na mionzi, na ya pinki, kama ile iliyotoka mgodi wetu wa Mwadui mwaka 1947 akapewa Elizabeth wa Uingereza, inahusishwa na jiwe kuminywa hadi mpangilio wake wa ndani ukapinda.)

Na za njano zina majina makubwa, shoga. Beyoncé alipovaa lile jiwe la Tiffany, masonara wakubwa wa Marekani, mwaka 2021, ulimwona bila kujua unatazama nini. Lilichimbwa Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 1877, likiwa na karati 287.42 (karati ndicho kipimo cha uzito wa vito). Charles Tiffany alilinunua kwa dola 18,000. Lilipokatwa zilibaki karati 128.54, yaani zaidi ya nusu iliondoka, na likachongwa nyuso 82. Mimi ningelia kuona vumbi lile! Lakini mkataji alitafuta mng'ao, hakutafuta uzito, na nadhani alifanya sawa. Kabla ya hapo, mwaka 1867, kijana Erasmus Jacobs aliokota jiwe la njano karibu na Mto Orange, na watoto wakawa wanalichezea nyumbani. Hiyo ndiyo Eureka, karati 21.25, almasi ya kwanza kuthibitishwa Afrika Kusini.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya jirani zetu Wakongo. Miaka ya 1980 huko Mbuji-Mayi, mtoto wa kike alikuwa akicheza kwenye kifusi kilichotupwa kutoka mgodini, akaokota jiwe la karati 890. Wenye mgodi walikuwa wameshakitupa kifusi kile wakikihesabu ni takataka! Likakatwa, likabaki la njano yenye ukahawia, karati 407.48.

Turudi kwa hilo la mdogo wako. Dalali anasema limetoka Chunya. Chunya naijua kwa dhahabu. Almasi ya nchi hii ukiitaja watu wanakuonyesha Shinyanga. Halafu kuna za kutengenezwa kiwandani. Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni, na wanapozitengeneza kwa mgandamizo inaingia yenyewe wasipoizuia, kwa hiyo njano ndiyo rangi rahisi kwao. Ni almasi kweli, ila bei yake isiwe ya jiwe la mgodini.

Na huenda hata almasi siyo. Sonara ninayefanya naye kazi aliletewa la namna hiyo juzi, limefungwa kwenye karatasi ya sigara. Akalipumulia, ukungu ukaganda pale usitoke, wakati almasi hupoteza joto upesi na ukungu hutoweka mara moja. Akanipa lenzi nitazame: kingo za nyuso zimelika, zimekuwa butu, na ndani kuna kipovu cha hewa. Kioo. Mwenye nalo alilikunja tena kwenye karatasi yake akaondoka bila kuaga.

Mwambie mdogo wako amwombe dalali leseni yake, kisha waje wote wawili hapa dukani na jiwe, asubuhi, kabla huyo sonara wetu mzee hajachoka macho. Dalali akikataa safari, pete ya uchumba ipo ya dhahabu, na mchumba mwenyewe ninavyomjua hatalalamika.

Nisalimie mama na wote hapo. Na ile sufuria yangu, Neema, mpe aje nayo.

Wako,
Atupele