Una jino la kupandikiza na umeandikiwa MRI? Usikimbilie bisibisi

Malalamiko ni yaleyale: mgonjwa kaambiwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, haiwezekani kwa sababu "ana chuma mdomoni", basi anakuja kudai tumemwekea kitu kibaya.

Kipandikizi tunachoweka hapa Mtwara ni skrubu ya titani, na titani haivutwi na sumaku ya MRI kama inavyovutwa chuma cha kawaida. Kinachobaki ni doa jeusi kwenye picha, kuzunguka taya. Kwa kipimo cha mgongo au goti halina athari, na kwa ubongo mara nyingi halifiki. Kama kinachotafutwa ni uvimbe wa ulimi au taya, hapo doa linasumbua. CT, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, haina sumaku. Shida yake ni michirizi kwenye picha, na vipandikizi vyeupe vya zirkonia (kauri ngumu) huleta michirizi mikali kuliko titani.

Wenye meno bandia yanayonasa kwa sumaku, kwenu ni tofauti. Meno yenyewe yavuliwe yabaki nje ya chumba, maana yatavutwa na sumaku zake zinaweza kuisha nguvu. Lakini juu ya kipandikizi kinabaki kisahani cha chuma, na hicho huvutwa kweli. Wapimaji wakitaka kitolewe, tunakifungua kwa bisibisi yake, tumeifunga uzi isidondokee kooni, tunaweka kifuniko cha fizi, na ukirudi tunakikaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango cha mtengenezaji.

Hapo ndipo tunaambiwa, "Elfu zote hizo kwa kufungua skrubu moja?" Wapo waliokwenda kwa fundi saa. Bisibisi isiyolingana hula kichwa cha skrubu, na kikishalika inabidi tukitoboe taratibu bila kugusa nyuzi za kipandikizi. Gharama yake haikaribiani na ada waliyoikwepa. Wengine walisafiri Dar tundu la kipandikizi likiwa wazi bila kifuniko, wakarudi fizi imejifunga juu yake. Ikachanwa kwa ganzi.

Halafu kadi ya kipandikizi. Ina jina la mtengenezaji, aina, kipenyo, urefu, namba ya bechi na tarehe. Wapimaji wanaitaka hiyo, maneno matupu hayawatoshi, na wakikukatalia bila kadi wako sahihi. Ipige picha kwenye simu, kwani kadi iliyobaki kabatini Newala haimsaidii mtu aliyeshashuka basi Dar. Ikipotea, faili lako tunalo. Aliyewekewa kwingine bila kadi ana kazi ngumu zaidi: eksirei itaonyesha umbo la skrubu, haitasema imetengenezwa kwa madini gani. Ndiyo maana hatununui vipandikizi visivyo na stika ya bechi hata vikiwa nusu bei, na tofauti hiyo mnaiona kwenye risiti.

Ukiandikiwa kipimo, tupigie kabla ya kukata tiketi, utuambie ni MRI au CT na ni ya sehemu gani ya mwili.