Mkituandikia 52 kwa mia, tuambieni mmeuliza wangapi

Mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama tuko sawa basi habari za kazi. Mi nauza nafaka hapa Tandale, gazeti lako nalisoma asubuhi kabla malori hayajaanza kushusha, sasa kuna kitu kinanikera na nimeona bora niandike kuliko kubishana kila siku na wenzangu kwenye kijiwe cha kahawa.

Kila ukitoka utafiti ule wa kuuliza watu maoni, mnatuwekea asilimia moja imesimama peke yake kichwa cha habari kizima. Tuseme mmeandika wakazi wengi wa Dar wanapenda mwendokasi kuliko daladala, 52 kwa 48. Kijiweni siku hiyo hakukaliki, wa mwendokasi wameshinda. Ukitafuta waliulizwa watu wangapi hakuna, au iko aya ya mwisho kabisa huko, 400. Jamani, ukiuliza watu 400 ukapata 52 hujapata 52, umepata kitu kati ya 47 na 57, na hamsini iko humohumo ndani, kwa hiyo inawezekana kabisa wa daladala ndo wengi na nyie mmeshawazika.

Hesabu yenyewe wala haitishi, ya simu inatosha. Chukua 0.52 zidisha na 0.48, gawa kwa 400, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na 1.96, inakuja kama 0.049, yaani karibu pointi 5 za kutoa na za kujumlisha. Hiyo 1.96 ndo inayotoa ule uhakika wa asilimia 95, na hapa hata waliosoma huwa wanateleza, maana yake ni kwamba ukirudia utafiti uleule kwa njia ileile mara 100, kama mara 95 utakuwa umelizungushia jibu la kweli uzio na kama mara tano litakuwa limebaki nje, ila huu wa leo ulionao mkononi hujui ni wa kundi gani. Jerzy Neyman, Mpolandi, ndo aliyeipanga hivyo miaka ya 1930.

Najua mtashangaa muuza mahindi anayatoa wapi haya. Kabla sijarithi kibanda cha baba mdogo nilifanya udodosaji misimu kadhaa, lakini ukweli somo nililielewa kibandani na sio kwenye semina. Baba mdogo alikuwa na bambo lake, kile kichuma chenye mfereji cha kutoboa gunia, mpini umeng'aa kwa jasho la mkono. Lori likitoka Kibaigwa halinunui kwa macho, anachoma gunia la katikati, mahindi yanateremka kiganjani, anayamwaga kwenye sinia anahesabu zilizobunguliwa. Siku moja nikamwambia baba, nimehesabu punje mia hakuna hata moja iliyobunguliwa, gunia safi. Akacheka, akasema "safi ni hizo mia". Miaka baadaye ndo nikaja kukuta ile hesabu ya juu hapo inagoma kabisa, inakupa sifuri toa sifuri jumlisha sifuri, kwa hiyo watu wanatumia njia ya mkato, chukua 3 gawa kwa idadi uliyohesabu. Punje 100 bila mbovu maana yake mbovu zinaweza kufika mpaka 3 kwa mia. Mzee alikuwa sahihi na shule hakumaliza.

Kingine kinachonichekesha kijiweni ni huyu anayesema "Dar ina watu zaidi ya milioni tano, 400 ni nani?" Sensa ya 2022 ilitupa 5,383,728, na nchi nzima 61,741,120. Lakini kosa la watu 400, yaani zile pointi za kutoa na kujumlisha, liko vilevile karibu pointi 5, uwe unapima Dar au Tanzania nzima, kama vile bambo haliangalii lori lina gunia mia au mia tatu, alimradi umechoma pasipo upendeleo. Kinachobana ni hela. Ukitaka kosa lishuke nusu lazima uulize watu mara nne, kwa hiyo kutoka pointi 5 kwenda 2.5 unahitaji kama 1,600, na ukitaka pointi 1 jiandae na watu 9,600 hivi, nauli na posho za wadodosaji juu yako.

Sasa niseme na dhambi zangu. Tulikuwa tunapewa mtaa mmoja tunauliza kaya ishirini palepale, ili kuokoa nauli, na kaya za mtaa mmoja zinafanana, maji yakikatika yamekatika kwa wote. Ni kama dumuzi, hawajitawanyi gunia zima, wanarundikana pembeni, ukichoma hapo unasema gunia limekwisha na ukichoma kwingine unasema zima. Watu 400 wa namna hiyo wanaweza kuwa na uzito wa 200 tu, hapo zile pointi 5 zinakuwa karibu 7. Halafu tuliambiwa nyumba ya kila ya kumi. Ya kumi ina geti, mlinzi anasema bosi katoka, jua la saa nane, nikavuka barabara nikamdodosa mama ntilie aliyekuwa anamenya viazi. Nilifanya hivyo si mara moja, na wenzangu pia.

Kosa la aina hiyo halimo kwenye 1.96. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, kwa wingi huo kosa la kwenye karatasi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya pointi. Likasema mgombea Landon anashinda na mpinzani wake Roosevelt anaambulia kama 43 kwa mia. Roosevelt akapata karibu 61. Majina waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, kipindi cha njaa, na wengi waliopata kadi hawakujibu. Sisi leo tunapiga simu mchana, tunapata wenye chaji na wenye muda.

Ninachoomba ni mstari mmoja chini ya kila habari ya namna hii: waliulizwa wangapi, lini, walipatikanaje, na asilimia iandikwe na mipaka yake, "52, kati ya 47 na 57". Na hamsini ikiwa iko ndani ya hiyo mipaka msiandike "wengi", andikeni wamegawana. Najua kichwa cha habari cha "wamegawana" hakiuzi gazeti, ila mi nitanunua, na pale kijiweni tuko kama kumi hivi tunaosoma nakala hiyohiyo moja, kwa hiyo kwenye hesabu zenu za wasomaji mtuangalie vizuri.

Muuza nafaka, Tandale
Dar es Salaam