Maungamo ya muziki, na albamu ya Jumapili

Wapendwa, habari za jioni.

Asanteni kwa maungamo ya wiki iliyopita, ya muziki mnaoupenda kwa siri. Sasa zamu yangu: naipenda Invisible Touch ya Genesis, ile albamu ya pop ya 1986. Ndiyo, mimi huyu huyu ninayewachosha na roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi. Naiweka nikiosha vyombo. Mtu akipiga hodi, naizima.

Mmeniomba albamu ya kuanzia roki hiyo. Thick as a Brick ya Jethro Tull siwapi kwanza: wimbo mmoja umejaza pande zote mbili za santuri, nanyi bado wageni. Tuanze na Wish You Were Here ya Pink Floyd, 1975. Ina nyimbo tano tu. Ule mkubwa, unaomkumbuka mwenzao wa zamani Syd Barrett, umekatwa vipande viwili: kimoja kinafungua albamu, kingine kinaifunga. Tegeni sikio karibu na dakika ya nne. Vinanda vinatulia, gitaa linadondosha noti nne, linanyamaza, linazirudia. Mwimbaji haingii mpaka dakika ya nane imeshapita, kwa hiyo msinipigie simu kuuliza kama faili ni bovu.

Mkiipenda, nendeni Close to the Edge ya Yes, 1972. Nyimbo tatu, wa kwanza dakika 18 na ushee.

Tafadhali msitume albamu nzima humu, wengine tuna bando la siku. Na aliyeungama saa nane usiku akafuta, tuliona.