Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vituo vya Kuchaji, Jiji la Mbeya

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Mama Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, na ninyi ndugu wanachama mliofika,

Nawasalimu nyote. Neno "mliofika" nimelisema kwa makusudi, na mtaniwia radhi nikilirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vituo vyetu vitatu vya kuchajia bajaji za umeme, vya Kabwe, Mafiati na Sae, vilifanya kazi usiku na mchana, ukiondoa siku 23 za Kabwe na Mafiati nitakazozieleza. Tulipaka rangi, tulibadilisha mabati ya Sae yaliyong'olewa na upepo, tulitoa rambirambi kwa familia tatu za wanachama, na tulionekana kwenye maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, ambako bajaji yetu ilipanda na kushuka siku nzima ikibeba watoto. Tumepokea wanachama wapya 9, hivyo sasa tuko 86. Karibuni sana.

Kwenye fedha, kuchaji kumetuingizia Sh 13,128,000, ada Sh 2,785,000 na viingilio Sh 180,000, jumla Sh 16,093,000. Matumizi: umeme wa LUKU Sh 9,940,000, walinzi Sh 2,880,000, pango Sh 1,200,000, matengenezo madogo Sh 611,000, mikutano, karatasi na rambirambi Sh 347,000. Tumebaki na Sh 1,115,000. Mama Mweka Hazina anayo madaftari, atakayetaka kuyaona ayaombe hapahapa mchana kweupe, si kunong'ona kijiweni.

Wapo wanaosema Sh 1,500 kwa chaji moja ni ghali kwa sababu nyumbani umeme ni Sh 100 kwa uniti. Kweli, ni Sh 100, lakini kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Betri zetu nyingi ni za volti 72 na ampea-saa 40, na ukihesabu umeme unaopotea kama joto kwenye chaja, kuijaza kunakula uniti tatu na ushee. Kwa hiyo ukichaji nyumbani mara 23 hivi umeshamaliza uniti za bei nafuu, na hapo hujawasha taa wala pasi. Baada ya hapo uniti ni Sh 350. Chama kinanunua kwa bei ya biashara, Sh 292 kabla ya kodi na tozo, hivyo kila mnapochomoa plagi sisi tumeshatumia zaidi ya Sh 1,100. Kinachobaki ndicho kinachomlipa mlinzi anayekesha na kibaridi cha Julai mkiwa mmejifunika mablanketi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo, maana mkutano wa kujadili ada haujazi viti hivi.

Ni kweli nilizima vituo vya Kabwe na Mafiati kwa siku 23. Ni kweli pia kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya kujenga kituo cha Uyole, Sh 4,200,000, zimetumika kukarabati vituo hivyo, Sh 3,870,000, na zimebaki Sh 330,000. Sikuficha wakati ule na sifichi leo. Ninachoomba ni mnisikilize hadi mwisho kabla ya kupiga meza.

Desemba radi ilipiga upande wa Kabwe. Haikupiga kituo. Ilipiga mbali, umeme wake ukasafiri kwenye nyaya hadi kwetu, na chaja nne za wanachama zikafa papo hapo. Wenye chaja walinijia asubuhi wakitaka chama kiwalipe. Nikaenda na fundi kuangalia ethi, yaani nondo na waya vinavyopeleka ardhini umeme uliopotoka njia. Tukaikuta nondo moja fupi, na waya wake umekatwa usawa wa ukuta. Nadhani uliuzwa skrepa, shaba siku hizi haina mwenyewe. Ina maana kwa muda ambao hakuna anayeujua, kituo chetu hakikuwa na ethi kabisa, na watu walikuwa wanashika bodi za bajaji zikichaji huku mvua inanyesha.

Wiki ya kwanza ya Januari, Mafiati ikatoa harufu. Mlinzi, Mungu ambariki, alizima meni swichi kabla ya kunipigia. Soketi moja ya ampea 13 ilikuwa imebebeshwa ekstensheni yenye chaja nne. Kila chaja inavuta ampea nne na ushee. Zidisheni wenyewe. Mtu atasema mbona jagi la kuchemshia maji linavuta nyingi na halichomi nyumba. Jagi linawaka dakika tano, chaja inawaka saa nne mfululizo, na soketi iliyolegea haipati nafasi ya kupoa. Nyuma ya ukuta waya ulikuwa wa milimita mbili na nusu, mmoja kwa kituo kizima, na mahali pameunganishwa kwa selotepu. Nchi imejenga bwawa la megawati 2,115 kule Rufiji. Megawati hizo hazina msaada kwetu zikifika kwenye selotepu.

Katiba yetu inaniruhusu kuidhinisha matumizi ya dharura yasiyozidi Sh 500,000. Zaidi ya hapo ni mkutano mkuu, wenye akidi ya nusu ya wanachama, yaani 43. Niliitisha mkutano Januari mwanzoni. Walifika 27. Nikaitisha tena wiki mbili baadaye, nikapiga simu mimi mwenyewe hadi salio likaisha. Walifika 19, na kati yao wawili waliondoka kuwahi abiria wa basi la Tunduma. Katibu alisoma agenda kwa viti. Jumatatu yake nikakaa na wajumbe wanne kati ya saba wa Kamati Tendaji, tukaamua. Kama kosa langu ni kuamua bila ninyi, basi nasema wazi kwamba niliwasubiri mara mbili, na mvua za masika zilikuwa haziitishwi kwa akidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kila kituo kilipata nondo nne za shaba zilizounganishwa kwa waya mnene, si ile mbinu ya kumwaga mkaa na chumvi shimoni. Chumvi inakula nondo yenyewe, na udongo wetu huu wa majivu ya volkano unapitisha maji upesi, ukifika Septemba ni mkavu kama unga. Tulivuta waya wa milimita sita, tukaweka breka moja kwa kila soketi badala ya moja kwa wote, na breka ile inayokata mtu akipigwa shoti. Tuliweka vifaa vya kuzuia umeme wa radi karibu na mita. Tukatupa soketi za nyumbani na kuweka zile za bluu za viwandani zenye mfuniko wa mvua. Najua soketi hizi zimewaudhi, kila mtu amelazimika kununua plagi mpya kwa fedha yake, na wapo waliokata plagi ya bluu wakarudisha ekstensheni kwa mlango wa nyuma. Ninawajua.

Machi radi ilirudi, tena kubwa kuliko ya Desemba. Asubuhi nilikuwa Kabwe saa kumi na mbili. Hakuna chaja hata moja iliyoungua. Kidirisha cha kifaa kimoja cha kuzuia radi kilichokuwa kijani kilikuwa chekundu, maana yake kimekufa kazini na kinatakiwa kubadilishwa. Nilikipiga picha nikaiweka kwenye grupu. Watu watatu waliipenda. Picha ya mbuzi wa sikukuu ilipendwa na watu arobaini.

Ndugu zangu wa Uyole, hasira yenu naielewa. Mlichanga kuliko wote, na bado mnashuka hadi Sae kutafuta umeme mkiwa na betri nusu. Lakini kiwanja tulichopewa kipo kando ya barabara kuu. Nilikwenda na tepu: ni mita 21 kutoka katikati ya lami. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabu mita 30 kila upande kwa barabara kama ile, na mnaona wenyewe tingatinga za njia nne zinavyofanya kazi kuanzia Uyole hadi Ifisi. Tungejenga, tungebomoa, na hakuna fidia kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara. Hili nililisema mapema, lipo kwenye muhtasari wa Mei mwaka jana ukurasa wa tatu, ingawa nakiri sikulisema kwa sauti ya kutosha. Niliogopa kuwavunja moyo watu wakiwa bado wanachanga.

Kuhusu fundi. Ndiyo, ni shemeji yangu. Kamati ilijua. Ufundi wake ulilipwa Sh 640,000 na risiti ipo. Fundi mwingine alitaja Sh 900,000, ila kwa mdomo, hakuandika, na hapo nimejifunza. Aliyeandika kwenye grupu kwamba nimejenga ukuta wa nyumbani kwangu kwa fedha za Uyole namkaribisha Jumapili aje auone. Ni wa miti, na mmoja umeanza kuchipua.

Nikirudi kwenye mahudhurio na ada. Tulipaswa kukusanya karibu Sh 5,000,000 za ada, tumepata kidogo zaidi ya nusu. Wanachama 31 hawajalipa kwa zaidi ya miezi sita. Ada ni Sh 5,000 kwa mwezi, chini ya nauli ya abiria wachache wa siku moja. Sitasoma majina, ingawa Katibu alishauri nisome. Nitasema tu kwamba kwenye daftari la mlinzi wa Sae, majina yanayotokea mara nyingi kuliko yote usiku wa manane mengi ni ya hao hao 31. Wazee wetu wawili, mmoja akiwa hata bajaji yake imeuzwa, wanalipa kila tarehe moja. Nimemaliza hapo, presha isije ikapanda.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufufua wazo la Uyole katika kiwanja kilicho ndani zaidi, pengine upande wa kuelekea Igawilo. Tunatumaini pia kuzungumza na Jiji kuhusu eneo la kudumu, na kuangalia uwezekano wa mita ndogo kwa kila soketi ili aliyechaji nusu alipe nusu. Wanaopanda Kawetere kwenda Chunya wameomba kituo njiani. Ombi limepokelewa.

Fedha za Uyole zitarudishwa kidogo kidogo kutokana na ada, kadiri zitakavyoingia. Wenye zile chaja nne za Desemba wamwone Mama Mweka Hazina baada ya kikao wakiwa na risiti za kununulia. Na kabla ya kufungua majadiliano, namwomba Katibu ahesabu watu upya, maana naona safu ya nyuma imeanza kupungua.

Naomba kuwasilisha.