Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Grupu Letu na Wavamizi Wake

Ndugu wanachama, mbukwenyi.

Mambo ya shamba mtayasikia kwa katibu, ya fedha kwa mweka hazina. Mimi nimeomba niongelee grupu letu la WhatsApp. Mwaka huu limeninyima usingizi kuliko bei ya zabibu, na kuna kosa langu ambalo sharti nilikiri mbele yenu.

Chanzo mnakijua. Tukitafuta wanachama wapya, tuliisambaza linki ya grupu huku kwetu Dodoma, Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, kila aliyeitaka akapewa. Wakulima wakaingia, na wasio na hata mche mmoja wakaingia nao. Asubuhi moja mwenzetu aliuliza kipimo cha salfa, dawa ya ukungu wa mizabibu. Chini ya swali lake zikapangana mkopo wa dakika tano, dawa ya nguvu za kiume, mganga wa kurudisha mpenzi, na chama cha siri kinachogawa magari. Swali la salfa hakulijibu mtu. Nadhani wengi hawakuliona kabisa.

Hiyo ilikuwa kero tu. Yapo mawili yaliyouma. Kwanza alikuja "mnunuzi" wa mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, mwenye bei nono, akitaka kila mkulima atangulize ada ya usajili. Alikuja mapipa yakiwa yamejaa na wateja hawaonekani, kwa hiyo wapo waliotuma. Sitawataja, wameshajilaumu vya kutosha. Kisha namba ya mzee wetu mmoja ikatekwa. Alipigiwa simu na mtu mpole, akaombwa asome tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji, akazisoma. Muda si mrefu jina lake na picha yake vikawa vinaandika: "Nina mgonjwa, tuma kwenye namba hii." Tulishtuka kwa sababu moja tu: mzee huyu hajawahi kuandika jambo bila kuanza na salamu ndefu.

Sasa kosa langu. Kwa hasira nililifunga grupu, wakabaki kuandika maadmini peke yao. Matangazo yakakoma siku ileile, nikajiona fundi. Lakini tulikuwa tumetoka kupogoa, machipukizi yanakuja, na mawingu yalikuwa yametanda siku nyingi. Mama mmoja wa Hombolo akaona ungaunga mweupe kwenye majani. Alipotaka kuwaonya wenzake, grupu likamkatalia. Akanipigia, nilikuwa kikaoni, simu nimezima. Ubwiri unga, ndio ukungu huo mweupe, haungoji kikao kiishe. Waliowahi salfa walinusuru mashada yao, wengine walipata habari majani yakiwa yameshakuwa meupe. Siwezi kusema kwamba grupu wazi lingeokoa kila shamba, ila ule ukimya niliuleta mimi.

Tukalifungua, kwa utaratibu mwingine. Linki ya zamani tuliifuta. Anayeomba kuingia hapiti mpaka admini amkubali, na kabla ya kumkubali anamuuliza: shamba lako liko kijiji gani, umepakana na nani? Tapeli wa mbali hukwama kwenye swali hilo la pili. Maadmini 4 wanapokezana zamu; tangazo likiingia wanalifuta kwa wote na kumtoa mtumaji. Namba za utapeli tunazituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kila mmoja wetu pia apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na aweke namba ya siri ya WhatsApp yenye tarakimu 6. Vijana wetu waliokaa nyuma pale watawasaidia kabla hamjaondoka. Aliyeibiwa pesa asifute meseji kwa aibu. Aende nazo polisi pamoja na namba ya muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ila polisi hawawezi kufanya kazi na hadithi tupu.

Kuna wanaosema tumekuwa wakali. Ni kweli tumekosea angalau mara moja: tulimtoa dada yetu aliyebadili laini, tukidhani ni mgeni, akakosa taarifa za ununuzi wa pamoja wa viuatilifu. Nimemwona ameketi hapa. Dada, tusamehe. Tangu hapo hatumtoi mtu mwenye namba mpya kabla ya kumpigia tukasikia sauti yake.

Limebaki moja. Wenye zamu za usiku wanatumia bando lao wenyewe, na mmoja ameniambia waziwazi kuwa mkewe amechoka na simu inayowaka saa nane. Kamati inapendekeza chama kiwalipie bando la mwezi, na tupate maadmini wengine 2, angalau mmoja awe mwanamke. Tutapiga kura baada ya chakula. Wanaotaka kugombea wampe katibu majina yao sasa hivi.