Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa lori

Shikamoo mjomba. Najua hii utaisoma umepaki Tunduma foleni ya boda haisogei, kwahiyo muda unao, soma yote.

Zile diklofenaki, vidonge vya maumivu unavyonunua duka la dawa bila kuandikiwa na mtu, asubuhi kidonge jioni kidonge, kisa mgongo, ndo zinaninyima amani. Dawa za jamii ile zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu mzima wa afya akimeza siku mbili tatu na maji anakunywa, mara nyingi haina shida, ila wewe una presha, halafu njiani maji hunywi makusudi ili usisimame simame kukojoa, unashushia na enaji. Hapo figo inapigwa kotekote.

Na dawa za presha uliacha eti unajisikia poa. Mjomba, presha ikikaa juu ya 140/90 miaka na miaka inachakaza vile vichujio vidogo ndani ya figo, kila figo inavyo kama milioni moja, na vikishakufa havioti vingine. Presha na sukari ndo zinaongoza kumaliza figo za watu wazima, sio baridi ya usiku kama mnavyodanganyana kijiweni. Na figo hazipigi kelele, mtu anapoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo na bado anakula ugali anaendesha gari. Huo mgongo mi nahisi ni kiti cha lori tu, hivyo na ile mizizi ya "kusafisha figo" uliyouziwa iache kabisa.

Figo zikifeli ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama masaa manne kila ukienda, sasa Dar mpaka Tunduma utaendesha saa ngapi? Kupandikiza kupo, Muhimbili walianza 2017, lakini wa kukutolea figo nani, mimi?

Ukipita Mbeya ingia hospitali wakupime presha, sukari, kreatinini (uchafu ambao figo inatakiwa kuuchuja) kwenye damu na protini kwenye mkojo, vyote, usikubali kipimo kimoja. Na hizo diklofenaki mwambie daktari ukweli, atakupa kitu kingine cha mgongo na presha utarudishiwa dawa.

Majibu nitumie WhatsApp, picha ya karatasi yenyewe, sio voisi ya "figo ziko fresh".