Acheni kunitumia matangazo, ankara ziendelee kuja

Njoro,
Nakuru.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bi,

KUH: BARUA PEPE ZA MATANGAZO NISIZOZIOMBA

Nina agroveti hapa Njoro na hununua mali yangu kwenu kwa bei ya jumla. Anwani yangu ya barua pepe niliitoa kwa sababu keshia wenu wa Nakuru mjini alisema ankara hazichapishwi tena. Ofa sikuomba. Siku hizi nikiamka nakuta matangazo ya dawa za kupe, chakula cha kuku na, ajabu, mikopo.

Kujiondoa nimejaribu. Kiungo kilicho mwisho wa matangazo yenu kinadai nenosiri la akaunti ambayo sijawahi kufungua. Nilipopiga simu, kijana mmoja mpole alinishauri niyaripoti tu kuwa taka. Tafadhali wahusika wa kompyuta wasome hapa kwa makini. Matangazo na ankara mnazituma kutoka anwani moja. Nikiiripoti, ankara zangu nazo zitaishia kwenye folda ya taka. Tena wateja wengi wakifanya hivyo, Gmail itaanza kuwashuku ninyi wenyewe, na hata mteja ambaye hajawahi kunung'unika atakosa ankara yake. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na barua zao zinazoripotiwa kuwa taka zisifike asilimia 0.3. Nenosiri lenu linawasukuma watu kwenye kitufe kinachowaumiza ninyi.

Hiyo mikopo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Keshia wenu aliliandika jina langu kwa herufi moja ya ziada, na kwenye ankara zenu limebaki hivyo hadi leo. Kampuni ya mikopo nisiyoijua inaniandikia kwa jina hilohilo, na herufi yake ya ziada. Wamelitoa wapi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inataka ridhaa yangu ya wazi, au ruhusa ya sheria nyingine nikiwa nimearifiwa, kabla data yangu haijatumiwa kibiashara. Kutaka ankara si ridhaa.

Basi niondoeni kwenye matangazo, ankara zitumwe kutoka anwani tofauti na ya matangazo, na mnijulishe kwa maandishi mlimpa nani jina langu na mumtake alifute. Nisipojibiwa ndani ya wiki mbili nitamwandikia Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kukamilisha uchunguzi. Faini anayoweza kutoza mnaijua: hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo.

Kijana wa simu msimkemee, alisema alichofunzwa. Na oda yangu ya Ijumaa ibaki vilevile.

Wenu mwaminifu,
Mwenye agroveti, Njoro